Tuandike Ubia Wetu Tungali Tunapendana

Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), Mola wa viumbe vyote. Rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake, maswahaba zake na kila anayefuata mwenendo wao hadi Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.



Katika darsa zetu watu huuliza sana juu ya swala, funga na talaka. Maswali ya biashara huja kwa nadra, na yajapo aghalabu huwa yamekwisha kuchelewa. Tumewahi kuketi baina ya mjane na shemeji yake. Marehemu na ndugu yake walifungua duka la vifaa vya ujenzi. Marehemu alitoa shilingi milioni 8, ndugu yake milioni 2. Walifanya kazi miaka mingi kwa maelewano, wala hawakuandika hata ukurasa mmoja. Alipofariki, mjane alidai sehemu kubwa ni ya mayatima, na shemeji akadai nusu ni yake. Hatukuona mwongo baina yao. Kilichokosekana ni karatasi, na kwa kukosekana kwake udugu umekatika.

Tujiulize: mtu anaponyamaza, nani humsemea? Jibu ni kwamba sheria ya nchi humsemea. Tanzania Bara, mambo ya ubia na uwakala yamo ndani ya Sheria ya Mikataba ya mwaka 1961, Sura ya 345. Watu wakifanya biashara kwa pamoja kwa kutafuta faida, sheria inaweza kuwahesabu kuwa wabia, hata kama hawakutia saini popote. Na pale ambapo hawakupatana vingine, inawachukulia kuwa sawa katika mtaji na faida, na sawa vilevile katika hasara.

Hapa ndipo penye mtihani wetu. Wanachuoni wa Kiislamu wameafikiana kwamba katika sharika ya mali, hasara hufuata mtaji wa kila mmoja. Katika faida wametofautiana: Imam Malik na Imam Shafii wanaona nayo ifuate mitaji, na Imam Abu Hanifa na Imam Ahmad wanaruhusu igawanywe kwa mapatano. Basi chukueni mfano wa duka lile, kisha lipate hasara ya milioni 5. Kwa fiqhi, mwenye milioni 8 anabeba milioni 4 na mwenye milioni 2 anabeba milioni 1. Kwa kanuni ya sheria pasipo mapatano, kila mmoja anabeba milioni 2 na nusu. Yule mnyonge ameongezewa mzigo ambao dini yake haikumtwika.

Je, tuseme sheria ya nchi imetuzuia kufuata dini yetu? Hasha. Kanuni hiyo ni ya mwenye kunyamaza. Sheria hiyo hiyo inawaachia wabia wapatane watakavyo baina yao. Inatusubiri tuandike. Nasi tunayo aya ya 282 ya Suratul-Baqara, aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani, inayotuamrisha kuandika deni la muda maalumu na kuweka mashahidi, wala tusichoke kuandika, liwe dogo au kubwa. Anayesema kuandikiana ni kutoaminiana na aisome tena aya hiyo.

Lakini tutahadhari: mapatano ya ndani hayamfungi mdai wa nje. Mbia mmoja akikopa bidhaa kwa ajili ya biashara ya kawaida ya ubia, wenziwe nao wanadaiwa, kwani kila mbia ni wakala wa wenziwe. Na mbia akifa, ubia huvunjika ila kama walipatana vingine. Fiqhi nayo inasema sharika huisha kwa mauti. Hapo hesabu ifungwe, madeni yalipwe na fungu la marehemu liingie katika mirathi.

Ama uwakala, wengi wetu tumo ndani yake bila kujua. Unapomtuma kijana Kariakoo akununulie mzigo, umemfanya wakala. Sheria inamtaka afuate maagizo yako na akupe hesabu unapomtaka. Akinunua kwa shilingi 90,000 akakwambia 100,000, zile 10,000 ni zako, wala si "posho" yake. Bukhari amepokea kisa cha Urwa al-Bariqi (R.A.), aliyepewa dinari moja na Mtume (S.A.W.) amnunulie mbuzi. Akanunua wawili, akamuuza mmoja kwa dinari, akarudi na mbuzi pamoja na dinari. Mtume akamuombea baraka. Anayetaka ujira aupatane mapema na kwa uwazi.

Na kampuni je? Hii husajiliwa BRELA chini ya Sheria ya Makampuni ya mwaka 2002, iliyoanza kutumika mwaka 2006. Wengine husajili jina la biashara tu wakadhani wameunda kampuni. Sivyo, jina la biashara halimtenganishi mtu na madeni yake. Kampuni yenye dhima yenye ukomo ni mtu mbele ya sheria, ina mali yake na madeni yake, na mwanahisa hupoteza kile alichoahidi kwa hisa zake. Baraza la Fiqhi la Kiislamu la Jeddah liliamua mwaka 1992 kwamba hakuna kizuizi cha kisharia katika ukomo huo, kwa kuwa wanaofanya biashara na kampuni wanaujua, na kujua kunaondoa udanganyifu. Basi anayekopa kwa jina la kampuni hali akijua hatalipa, asijifiche nyuma ya fatwa hiyo. Tukumbuke kwamba Mtume (S.A.W.) alijizuia kumswalia maiti mwenye deni mpaka Abu Qatada (R.A.) alipolichukua.

Ndugu zangu, usia wetu ni huu. Kila mwenye mshirika aketi naye wiki hii. Andikeni nani ametoa nini, faida itagawanywaje, hasara itabebwaje, nani ana ruhusa ya kukopa, na mmoja akifa hesabu itafungwaje. Wekeni mashahidi wawili, kisha mumwoneshe mwanasheria muaminifu. Fanyeni hayo mkiwa bado mnacheka pamoja, ili mayatima wenu wasije wakaugawana ugomvi mahali pa mali.

Tunamuomba Allah atujaalie riziki ya halali na atuepushe na dhulma. Wabillahi tawfiq.