Kura Kwenye Mzani wa Korosho: Zitto Kabwe na Mrengo wa Kushoto Kusini mwa Tanzania



Oktoba 2015, jimbo la Ndanda, hapa hapa Masasi, lilimpeleka bungeni Cecil Mwambe wa CHADEMA. Tandahimba walimchagua Katani Ahmed Katani wa CUF, na Mtwara Mjini wakampa kura Maftaha Nachuma, naye wa CUF. Kwa mkoa wa Mtwara, uliozoeleka kuhesabiwa kuwa wa CCM kabla hata kampeni hazijaanza, hiyo haikuwa salamu ndogo.

Katika uchaguzi huo huo kulikuwa na chama kilichojinadi waziwazi kuwa cha kijamaa. ACT-Wazalendo kiliambulia kiti kimoja cha ubunge nchi nzima, Kigoma Mjini, kwa kiongozi wake Zitto Kabwe. Mgombea wake wa urais, Anna Mghwira, alipata kura 98,763, chini ya asilimia 1.

Hapo ndipo penye fumbo. Mkulima wa korosho anadai ushirika ulio mikononi mwake, bei isiyomtupa mtaani, pembejeo kwa wakati, kiwanda karibu na shamba na uzee wenye kitu mfukoni. Hayo ni madai ya mrengo wa kushoto kuanzia la kwanza hadi la mwisho. Hata hivyo, alipochoka na chama tawala aliwapa kura CUF, mwanachama wa shirikisho la vyama vya kiliberali duniani, na CHADEMA, chama chenye urafiki wa muda mrefu na wahafidhina wa Ulaya. Mhadhara huu unauliza kwa nini, na kama hali hiyo inaweza kubadilika.

Mtu na hoja zake

Zitto Zuberi Kabwe alizaliwa Kigoma Septemba 1976 na kuingia bungeni mwaka 2005 kwa tiketi ya CHADEMA. Agosti 2007 Bunge lilimsimamisha baada ya kutaka uchunguzi wa mkataba wa mgodi wa Buzwagi. Adhabu ile ilimfanya maarufu kuliko hotuba yoyote aliyowahi kuitoa. Baadaye akiwa mwenyekiti wa Kamati ya Hesabu za Serikali, aliongoza kazi ya taarifa ya kashfa ya akaunti ya Tegeta Escrow ya Novemba 2014, iliyotikisa baraza la mawaziri.

Kwa watu wa Mtwara kuna tukio jingine la mwezi huo huo. Kamati yake iliagiza viongozi wa Shirika la Petroli, TPDC, wakamatwe kwa kukataa kuiletea mikataba ya gesi. Mwaka mmoja na nusu tu ulikuwa umepita tangu Mei 2013, vurugu zilipolipuka Mtwara siku ya kusomwa bajeti ya Nishati, watu wakipinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam. Walichokuwa wakikidai barabarani ni kujua gesi yao inauzwaje na nani anafaidi. Mbunge wa Kigoma alikuwa akikidai hicho hicho kwa kanuni za Bunge.

Machi 2015 aliondoka CHADEMA na kujiunga na ACT. Juni mwaka huo chama kikatoa Azimio la Tabora, kikisema kinahuisha Azimio la Arusha la Februari 1967: miiko ya viongozi, mali za viongozi kutangazwa hadharani, uchumi unaomilikiwa na wananchi na hifadhi ya jamii kwa wote. Urais haukumhusu Zitto mwaka ule kwa sababu rahisi: Katiba inataka mgombea awe na miaka 40, naye alikuwa na 39.

Katika hayo yote, hoja yenye uzito zaidi kwa Masasi na Newala ni hifadhi ya jamii. Mfano ambao Zitto huutumia ni wa wakulima wa kahawa wa ushirika wa Rumako, Kigoma, waliojiunga na NSSF na kupata matibabu kama mfanyakazi wa ofisini. Wazo lenyewe ni kwamba mkulima achangie kupitia ushirika wake, Serikali imwongezee, na soko linapoanguka apate fao la bei. Mkulima aliyeuza kilo kwa shilingi 4,000 msimu mmoja na chini ya 3,000 msimu unaofuata hahitaji kufafanuliwa sana.

Ujamaa ulioacha kovu

Mgeni anayekuja kuhubiri ujamaa kusini anapaswa kujua kwamba ujamaa ulimtangulia. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Mtwara ilikuwa miongoni mwa mikoa yenye vijiji vingi vya ujamaa nchini, kwa sehemu kwa sababu ya vita vya ukombozi ng'ambo ya Ruvuma. Kisha ikaja Operesheni Vijiji. Watu walihamishwa, mikorosho ikabaki msituni. Mkorosho usiopaliliwa humezwa na kichaka, na ulio mbali na nyumba hauokotwi kwa wakati.

Takwimu zinasema yaliyobaki. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Msimu wa 1986/87 zilikuwa kama 16,500. Vijiji havikuwa sababu pekee: bei ya mkulima ilikuwa duni, ugonjwa wa ubwiriunga ulienea, na mwaka 1976 Serikali ilivifuta vyama vya ushirika ambavyo wakulima walikuwa wamevijenga wenyewe. Vilirudishwa kwa sheria ya mwaka 1982, mikorosho ikiwa imeshageuka pori.

Viwanda navyo vina hadithi yake. Serikali ilijenga viwanda 12 vya kubangua korosho kwa fedha za mikopo, Masasi na Newala vikiwamo. Vingi vilisimama. Vilibinafsishwa chini ya Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso, hapa hapa Masasi, na baadhi vikaishia kuwa maghala ya korosho ghafi zinazosubiri meli ya kwenda India au Vietnam.

Kwa hiyo mzee wa Newala anayemsikia Zitto akilisifu Azimio la Arusha anakumbuka mambo mawili kwa pamoja: shule, zahanati na heshima aliyopewa mkulima, na pia lori lililokuja kubeba mabati na masufuria yake.

Msimu wa 2018

Juni 2018 Bunge lilipitisha Sheria ya Fedha iliyoondoa utaratibu wa asilimia 65 ya ushuru wa korosho ghafi zinazouzwa nje kurudi kwenye zao. Fedha hizo ndizo zilizokuwa zikigharimia salfa na miche. Wabunge wa kusini walipinga, wa CCM pamoja na wa upinzani. Zitto alikuwa upande wao.

Miezi minne baadaye minada ikaanza. Kwa wasiojua, huu ndio mwendo wa mnada wa stakabadhi ghalani kama ulivyokuwa siku hizo. Mkulima anapeleka magunia kwenye AMCOS yake, yaani chama chake cha msingi cha ushirika. Karani anapima, anaandika kilo na daraja, anatoa risiti. Mzigo unakwenda ghala kuu. Siku ya mnada wakulima wanakusanyika, barua za zabuni zinafunguliwa mbele yao: kampuni inasomwa, tani zinasomwa, bei inasomwa. Halafu wanaulizwa kama wanauza. Oktoba 2018, Newala na Tandahimba, bei zilizosomwa zilikuwa chini ya shilingi 3,000, na jibu lilikuwa moja: hatuuzi.

Mgomo ule haukuitishwa na chama chochote cha siasa. Uliitishwa na kumbukumbu ya msimu uliotangulia, nchi ilipovuna zaidi ya tani 300,000 na bei kufika shilingi 4,000.

Novemba 12 Rais John Magufuli, akiwa ameshawafuta kazi mawaziri wa kilimo na biashara, alitangaza kwamba Serikali itanunua korosho zote kwa shilingi 3,300 na Jeshi litazisomba. Malori ya kijeshi yakapanga foleni. Vijijini watu walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Kisha ukaja uhakiki: mwenye zaidi ya kilo 1,500 aonyeshe shamba. Walanguzi wa vijijini, waitwao kangomba, wakaanza kusakwa, na humo wakasombwa pia wakulima halali waliokusanya mzigo wa ndugu. Malipo yaliburuzwa hadi mwaka 2019. Mkataba wa Januari 2019 wa kuiuzia kampuni ya Kenya, Indo Power Solutions, tani 100,000 haukutekelezwa.

Msimu ule unaeleza kwa nini upinzani wa kushoto una kazi ngumu kuliko upinzani mwingine. Kwa vitendo, Serikali ya CCM ilifanya jambo la kijamaa kuliko chochote kilichoandikwa Tabora: dola kununua zao lote na kumfukuza mnunuzi binafsi. Lilipokwama, aliyeumia ni mkulima, na anayeharibikiwa jina ni yeyote atakayekuja kesho akisema Serikali iingie sokoni.

Mpinzani anayesema lugha ya mtawala

Nchini Uingereza au Brazil mwanasiasa wa kushoto hupingana na chama kinachotetea matajiri bila kuona haya. Tanzania hakuna chama kikubwa kinachosema hivyo. CCM bado inajiita ya ujamaa na kujitegemea kwenye katiba yake, nembo yake ni jembe na nyundo, na Mwalimu Nyerere ni wake kwa urithi. Salfa ikigawiwa bure, ni ya Mama, yaani Rais Samia. Eneo la viwanda vya korosho likitengwa Maranje, ni la Mama pia. Mpinzani anayesema ushirika uimarishwe anajibiwa kwamba mwenyekiti wa ushirika tayari yupo, na mara nyingi ni kada.

Njia iliyobaki kwa Zitto na wenzake ni nyembamba lakini ipo. Ni kutofautisha ujamaa na operesheni. Operesheni Vijiji na ile Operesheni Korosho ya 2018 zilimtendea mkulima, hazikumuuliza. Hoja ya Azimio la Tabora ina nguvu pale tu inapohama kutoka dola kumiliki, ikaenda kwenye mkulima kudhibiti: nani anapanga makato, nani anakagua vitabu vya AMCOS, nani anabeba hasara ya unyaufu mzigo ukipungua uzito ghalani, na kwa nini fedha zinachukua wiki baada ya bei kusomwa. Siku hizi zabuni zinapitia mfumo wa kielektroniki wa Soko la Bidhaa, TMX, na msimu wa 2024/25 ulifunguliwa kwa bei zaidi ya shilingi 4,000. Malalamiko ya bei yalipoa. Ya makato hayakupoa.

Hesabu na uwanja

Mvuto wa kiongozi ni jambo moja, uwanja ni jingine. Mikutano ya hadhara ilizuiwa tangu 2016 hadi Januari 2023. Juni 2020 Zitto alikamatwa Kilwa akiwa kwenye kikao cha ndani cha chama. Mwaka huo alitangazwa kushindwa Kigoma Mjini, na Bernard Membe, mtoto wa Lindi aliyetoka CCM na kusimamishwa na ACT kugombea urais, alipata kura 81,129. Ilikuwa pungufu ya alizopata Mghwira, tena baada ya viongozi wakuu wa chama, Zitto na Maalim Seif Sharif Hamad, kutangaza kumuunga mkono Tundu Lissu wa CHADEMA.

Kuja kwa Maalim Seif kutoka CUF Machi 2019 kulikipa chama roho mpya na Zanzibar nzima ya wanachama. Pia kulikipa sura mbili. Pemba chama kinasikika kikidai mamlaka ya Zanzibar. Kigoma kinasikika kikidai hifadhi ya jamii. Mtwara na Lindi zilirithi zaidi ile sura ya kwanza, kwa kuwa waliohamia ni watu wa CUF waliomfuata Maalim, Selemani Bungara wa Kilwa akiwa mmojawao. Machi 2024 Zitto alimwachia Dorothy Semu uongozi wa chama, jambo adimu katika siasa zetu.

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 uliipa CCM zaidi ya asilimia 98 ya vijiji, mitaa na vitongoji. Kuelekea Oktoba 2025 CHADEMA ilizuiwa kushiriki, Lissu akawa mahabusu kwa shtaka la uhaini, na mgombea wa ACT, Luhaga Mpina, waziri wa zamani wa CCM, alienguliwa, akarudishwa na Mahakama Kuu, akaenguliwa tena. Rais Samia Suluhu Hassan alitangazwa mshindi kwa asilimia 97.66, huku nchi ikiwa kwenye vurugu, vifo na intaneti iliyozimwa. Zitto alitangazwa kushindwa tena Kigoma Mjini, safari hii na msanii Baba Levo.

Membe mwaka 2020 na Mpina 2025 wanaonyesha udhaifu ambao hauwezi kutupiwa Tume ya Uchaguzi. Mara mbili mfululizo chama cha kijamaa kiliazima mgombea wa urais kutoka CCM, na Azimio la Tabora halikuwa na mtu wa kulisema jukwaani kama imani yake.

Matarajio

Nje ya mipaka kuna mifano ya kupima. Zambia, Fred M'membe, mhariri mashuhuri, aligombea mwaka 2021 kwa Chama cha Kisoshalisti na hakufikisha asilimia 1: alikuwa na jina na magazeti, hakuwa na matawi. Brazil, Lula alishindwa 1989, 1994 na 1998 kabla ya kushinda 2002, na muda wote huo chama chake kilisimama juu ya vyama vya wafanyakazi vilivyokuwepo kabla yake. Senegal, Machi 2024, Bassirou Diomaye Faye alishinda urais kwa zaidi ya asilimia 54 siku chache baada ya kutoka gerezani, kwa sababu Baraza la Katiba lilikataa uchaguzi kuahirishwa na vijana walikuwa wameshajipanga mtaa kwa mtaa.

Kwa vipimo hivyo, nafasi ya Zitto kushinda urais mwaka 2030, akiwa na miaka 54, ni ndogo maadamu sheria na usimamizi wa uchaguzi vimebaki kama vilivyo, na hakuna hotuba itakayoiongeza. Nafasi ya mrengo wake kusini ni swali tofauti. Wapiga kura wapo, walijionyesha 2015. Wanaojua kugoma wapo, walijionyesha Oktoba 2018. Kisichopo ni daraja kati yao na chama.

Dalili za kutazama ni chache na zinaonekana kwa macho. Ya kwanza ni uchaguzi wa bodi za AMCOS chini ya vyama vikuu vya MAMCU na TANECU: je, wanachama wa ACT watagombea humo kama wakulima wenye hoja za makato na ukaguzi, au watasubiri mikutano ya hadhara? Ya pili ni kama chama kitaweza kuanzisha kundi moja tu la wakulima wa korosho, Masasi au Newala, wanaochangia hifadhi ya jamii kama walivyofanya wa Rumako, ili fao la bei litoke kwenye karatasi. Ya tatu ni uchaguzi wa serikali za mitaa wa 2029, na idadi ya wagombea wa upinzani ambao fomu zao zitarudi bila kuenguliwa.