Wazee, Tuongee Juu ya Matibabu ya Tezi Dume

Hotuba kwa Wanaume Wakatoliki wa parokia pamoja na wake zao



 Sisi wa ofisi ya maendeleo mmezoea kutuona tukija na habari za maji, mbuzi wa maziwa na vikundi vya kukopeshana. Leo Padre ametupa dakika 40, nasi tunazitumia kwa saratani ya tezi dume, na hasa matibabu yake. Akina mama tumewaomba wakae humu humu kwa makusudi. Anayeona haya na aangalie chini, lakini asitoke nje.

Mtauliza, mbona matibabu na si ugonjwa? Kwa sababu ugonjwa wenyewe siku hizi unatajwa, hata redioni. Kisichotajwa ni yale yanayompata mwanaume akishatibiwa. Katika kutembelea nyumba tumekuta wazee walioanza sindano wakaziacha katikati. Wengine walipewa tarehe ya operesheni, hiyo tarehe ikapita na hawakurudi. Ukiwauliza wanasema nauli. Nauli ni shida kweli, hatubishi. Lakini ukikaa na mzee mpaka kikombe cha pili cha chai, neno lingine linatoka: "Mnataka nifanywe maksai?" Hilo ndilo neno linalorudisha watu nyumbani kutoka hospitali. Halizungumzwi na mtu, kwa hiyo hakuna anayelijibu.

Kwanza kidogo juu ya mwili. Tezi dume ni kitu kidogo, kama ndimu changa, kinachokaa chini ya kibofu. Mrija wa mkojo unapita katikati yake. Ndiyo sababu ikikua mkojo unaanza kusumbua: unasimama chooni ukingoja, unatoka kidogo kidogo, usiku unaamka mara nne. Lakini kukua huko kwa wazee wengi si kansa, ni umri tu. Na kansa yenyewe ikiwa bado changa mara nyingi haina dalili yoyote. Anayengoja mpaka mkojo uzibe kabisa au mgongo uanze kuuma, huenda amekwisha kuchelewa. Kipimo cha damu kinachoitwa PSA kikiwa juu, hiyo peke yake si hukumu. Hata maambukizi yanaweza kukipandisha. Daktari atapapasa kwa kidole, na akiwa na shaka atachukua vipande vidogo vya nyama vikapimwe. Kuhusu hicho kidole, wazee, akina mama waliokaa hapa wamezaa mbele ya madaktari, manesi na wanafunzi wao. Waulizeni wao habari ya aibu.

Sasa matibabu. Si kila kansa ya tezi dume hutibiwa siku hiyo hiyo. Ikiwa ndogo na inakwenda polepole, daktari anaweza kushauri ifuatiliwe tu, kwa kupima damu na kuangalia tena kila baada ya muda. Hiyo nayo ni njia ya matibabu, ila inataka mtu anayeheshimu tarehe za kliniki.

Ikiwa bado imo ndani ya tezi, tezi yote inaweza kutolewa kwa operesheni. Mzee atarudi nyumbani na mpira wa mkojo kwa wiki moja au mbili. Ukitolewa, mkojo utavuja, anapokohoa, anapoinua debe, hata anapocheka. Hilo ndilo halisemwi. Kwa wengi linapungua miezi inavyokwenda, na kuna zoezi linalosaidia: kubana misuli ya chini kama mtu anayezuia mkojo, kuhesabu mpaka tano, kuachilia, kurudia, mara kadhaa kwa siku. Mnaweza kulifanya mkiwa mmekaa hapo kwenye benchi, wala hakuna atakayejua. Jambo la pili ni nguvu za kiume. Mishipa ya fahamu inayohusika inapita ubavuni mwa tezi. Hata daktari akiihifadhi, inaweza kuchukua mwaka mmoja au miwili kupata nafuu, na kwa wengine hairudi kama zamani. Yafaa mzee ajue haya kabla ya kutia sahihi kwenye fomu, na mkewe ajue pia.

Njia nyingine ni mionzi. Mashine haiumi, lakini inataka siku nyingi, kwa kawaida siku tano za wiki kwa wiki kadhaa. Inaweza kuleta uchovu, mkojo wa kuchoma na tumbo kuharisha, na nguvu za kiume zinaweza kupungua taratibu kwa miaka. Mzee Nelson Mandela alitibiwa kwa mionzi mwaka wa 2001 akiwa na miaka 83, wiki saba. Alifariki mwaka wa 2013 akiwa na miaka 95. Kwa muda mrefu hapa Kenya hospitali ya serikali yenye mashine hiyo ilikuwa Kenyatta peke yake, na foleni yake ilikuwa ndefu. Sasa huduma hiyo imefika pia katika miji kama Eldoret na Nakuru, kwa hiyo mtu aulize iliyo karibu na kwao kabla ya kuuza ng'ombe ili akalale Nairobi.

Tunakuja kwenye lile neno maksai. Mwaka wa 1941 daktari mmoja wa Chicago, Charles Huggins, alionyesha kwamba kansa hii hulishwa na homoni ya kiume inayotoka hasa kwenye korodani. Ukiizima homoni hiyo, kansa inanywea. Kwa kazi hiyo alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1966. Mpaka leo kansa ikishatoka nje ya tezi, hasa ikifika kwenye mifupa, matibabu yanaanzia hapo. Homoni inazimwa kwa sindano za kila mwezi au kila miezi mitatu, au kwa operesheni ndogo ya kuondoa korodani. Operesheni ni mara moja na imekwisha, na kwa familia isiyo na pesa ni nafuu kuliko kununua sindano mwaka baada ya mwaka. Lakini haina kurudi nyuma.

Sindano au operesheni, mwili unapokea habari ile ile. Joto linapanda ghafla usoni na kifuani, jasho linatoka kama kwa mama aliyekoma hedhi. Tumbo linanenepa, misuli inalegea, mifupa inadhoofika, matiti yanaweza kuuma. Mzee anakuwa mwepesi wa machozi. Na hamu ya tendo la ndoa inakwisha yenyewe. Si kwamba anaitaka akashindwa, hata wazo haliji. Tunalisema waziwazi kwa sababu ya akina mama. Mama mmoja alituambia kwamba kwa mwaka mzima aliamini mumewe ana mwingine nje. Mzee alihamia chumba cha vijana, akawa mkali, simu akizima. Kumbe alikuwa anachomwa sindano hospitalini na hajamwambia mtu. Mzee anaogopa kudharauliwa, mama anajiona ameachwa, na wote wawili wamelala macho.

Je, huyu ni maksai? Maksai amefanywa hivyo ili atumikie jembe la mwingine. Huyu amekubali dawa ili aendelee kuwa baba wa watu wake. Sauti yake ni ile ile, ndevu anazo, akili anayo, neno lake kwenye baraza bado ni la mzee. Anayemcheka kwenye kilabu cha pombe hajui kesho yake.

Wengine wanatuuliza kama Kanisa linaruhusu kuondolewa korodani. Linaruhusu. Papa Paulo VI katika waraka Humanae Vitae wa mwaka 1968 aliandika wazi kwamba matibabu yanayohitajiwa kuponya ugonjwa wa mwili si haramu, hata kama yatazuia kuzaa, mradi kuzuia kuzaa siyo nia yenyewe. Wengine wanauliza kama ndoa imevunjika. Haijavunjika. Sheria ya Kanisa inayozungumzia kutoweza tendo la ndoa, kanuni ya 1084, ni juu ya hali iliyokuwapo kabla ya ndoa na ya kudumu. Haimhusu mzee aliyeoa kwa heshima miaka 35 iliyopita akaugua leo. Mapenzi ya watu wawili yana milango mingi: kuoga pamoja, kukandana mgongo, kulala kitanda kimoja. Na daktari anaweza kusaidia kwa dawa pia, ila vidonge vya kuongeza nguvu visinunuliwe kichochoroni. Vikikutana na baadhi ya dawa za moyo, shinikizo la damu linaweza kushuka na mtu akafa.

Kuficha si tabia ya maskini peke yao. Desemba 2023 Waziri wa Ulinzi wa Marekani, Lloyd Austin, alifanyiwa operesheni ya kansa hii kimya kimya. Januari alirudishwa hospitali na matatizo, na Rais wake alikuja kuambiwa kwamba ni kansa tarehe 9 Januari 2024. Baadaye alisimama mbele ya waandishi akasema alipaswa kumwambia Rais. Askofu Mkuu Desmond Tutu wa Kanisa la Kianglikana kule Afrika Kusini alikwenda njia nyingine. Aligunduliwa mwaka wa 1997, akiwa mwenyekiti wa Tume ya Ukweli na Maridhiano, na hakuificha. Aliishi na ugonjwa huo unaoondoka na kurudi mpaka Desemba 2021, alipofariki akiwa na miaka 90.

Hatusemi kila mzee asimame kwenye matangazo baada ya Misa. Mke kwanza. Kisha mtoto mmoja mwenye kichwa kilichotulia, atakayeshika kadi ya kliniki na kukumbuka tarehe. Kisha mwanaume mwenzako, tena awe aliyepitia. Tumeona mzee mmoja aliyekataa maneno ya daktari mara tatu akakubali mara moja alipoketi chini ya mwembe na mwenzake aliyekuwa kwenye sindano mwaka wa nne. Katika jumuiya ndogo ndogo mnajuana. Mwenye kuweza kuongoza mazungumzo kama hayo atuletee jina lake ofisini, tutawakutanisha na wengine bila kelele.

Na viongozi wa vigango, tuna neno nanyi. Choo cha kigango kisifungwe wakati wa Misa. Tumekuta mahali ufunguo unakaa mfukoni mwa mtu mmoja, naye yuko kwenye kwaya! Mzee anayevuja mkojo akishaaibika mara moja mbele ya watu, hamtamwona Jumapili nyingine, nanyi mtasema imani yake imepoa. Mwachieni nafasi kwenye benchi karibu na mlango. Anayeweza kununua nepi za watu wazima anunue, na asiyeweza, vitambaa safi vya pamba vinavyokunjwa na kufuliwa vinafaa.

Mambo machache ya kushika. Sindano zisiachwe kwa sababu mtu anajisikia vizuri. Anajisikia vizuri kwa sababu ya sindano. Ikiwa zimemshinda, pesa au mwili, amwambie daktari, kuna njia nyingine. Anayetumia mitishamba aitaje pia kliniki, asiogope kukemewa. Atembee kila siku, ale omena na mboga, apunguze mafuta na aache sigara, kwa ajili ya mifupa na moyo. Na hili msikilize sana: mgonjwa wa kansa hii ambaye miguu inalegea ghafla, au anashindwa kuzuia choo au mkojo kwa namna mpya na mgongo unauma, apelekwe hospitali siku ile ile. Huenda uti wa mgongo unabanwa. Akingoja mpaka soko la Alhamisi lipite ndipo apate gari, anaweza asitembee tena.

Maumivu nayo yanatibika. Mofini si dawa ya kuua mtu, kama tunavyosikia ikisemwa matangani. Nairobi Hospice ilianza kazi mwaka wa 1990, na leo hospitali nyingi zina watu waliofundishwa kupunguza maumivu. Waulizeni.

Juu ya gharama, NHIF haipo tena; tangu Oktoba 2024 ni SHA. Ajisajili kila mmoja na alipe kabla ya kuugua, na kabla ya kuanza matibabu aulize ofisi ya hospitali bima italipa kiasi gani na kipi kitabaki kwa familia. Harambee ipangwe kwa hesabu hiyo. Tumechoka na harambee za kutoa mwili mochari.

Mwisho ni vijana. Mwanaume ambaye baba yake au ndugu yake amepata kansa hii, hatari yake ni karibu mara mbili ya wengine. Huko Uingereza, ambako hesabu zimewekwa vizuri, mwanaume mweusi mmoja kati ya wanne huipata katika maisha yake, wakati kwa wanaume wote ni mmoja kati ya wanane. Kwa hiyo mzee anayewaficha wanawe anawanyima habari inayowahusu wao. Wakifika miaka ya 40 na waende waongee na daktari juu ya kipimo, wakiwa na jina la ugonjwa wa baba yao mdomoni.

Tunampisha nesi wa dispensari sasa. Mmepewa vikaratasi, andikeni swali bila jina na mtie kwenye kikapu cha sadaka pale mbele, naye atayasoma yote kwa sauti. Akina mama pia waandike.