Ubongo Ukiwa Umetulia, Unafanya Nini?

Mimi ni muuguzi wenu wa afya ya jamii. Leo tuzungumze juu ya ubongo, hasa ubongo wa mtu aliyelala kimya bila kufanya kitu.

Swali nililetewa na mama mmoja. Mtoto wake ana kifafa, naye aliandikiwa aende Eldoret kupimwa umeme wa ubongo, kipimo ambacho madaktari hukiandika kwa herufi EEG. Mama aliuza magunia mawili ya mahindi apate nauli na pesa za kipimo. Aliporudi alikuwa na hasira. "Sista, walimbandika nyaya kichwani, wakamwambia alale afumbe macho. Hakuulizwa hata swali moja. Mahindi yangu yote yameenda kwa mtoto kulazwa tu?"

Nilicheka kidogo, halafu nikaona swali lake linastahili jibu la kweli.

Wengi wetu hudhani ubongo ni kama mashine ya kusaga unga pale sokoni. Wateja wakiisha, mwenyewe huizima, kukawa kimya. Ubongo hauzimwi hivyo. Ubongo wa mtu mzima ni kama sehemu 2 tu kwa kila 100 za uzito wa mwili, lakini hula karibu sehemu 20 kwa kila 100 za nguvu ambazo mwili unatumia ukiwa umetulia. Ukianza kupiga hesabu ya karo ya watoto, matumizi hayo huongezeka kidogo sana. Maana yake ni kwamba kazi kubwa ilikuwa ikiendelea hata kabla hujaanza hesabu.

Wa kwanza kuandika umeme huo kutoka kichwa cha binadamu alikuwa daktari Mjerumani, Hans Berger, mwaka 1924. Aliona kwamba mtu akitulia na kufumba macho, mawimbi yanapanda na kushuka kwa mpangilio, kama mara 10 kwa kila sekunde. Akifumbua macho, mpangilio ule unavunjika. Kwa hiyo, mama, kufumba macho kulikuwa sehemu ya kipimo.

Baadaye zilikuja mashine zinazopiga picha za ubongo unaofanya kazi. Mwaka 1995 Bharat Biswal na wenzake kule Marekani waliwalaza watu kimya ndani ya mashine hiyo. Wakakuta kwamba sehemu ya ubongo inayoongoza mkono wa kulia na ile ya mkono wa kushoto hupanda na kushuka pamoja, ingawa mikono yenyewe haisogei. Ni kama majirani wanaopigiana simu hata siku isiyo na habari. Mwaka 2001 Marcus Raichle na wenzake wakaeleza juu ya sehemu nyingine ambazo huchangamka zaidi mtu anapopumzika, na hupungua akipewa kazi. Sehemu hizo zinahusika na kukumbuka ya jana na kuwaza ya kesho. Ukiketi nje jioni ukingoja ugali, mawazo yakazunguka mpaka kwa marehemu nyanya yako, ndizo hizo.

Sasa kifafa. Katika ubongo wenye afya, seli huzungumza kwa zamu na kwa kiasi. Katika kifafa, kundi la seli hulipuka kwa wakati mmoja. Likiwa dogo, mtoto hukodoa macho tu kwa sekunde chache na mwalimu humwita mzembe. Likienea, mtoto huanguka na kutetemeka. Chanzo chaweza kuwa shida wakati wa kuzaliwa, ajali ya pikipiki, mayai ya minyoo ya nguruwe, au malaria iliyopanda kichwani. Watafiti wa KEMRI huko Kilifi waliona kifafa zaidi kwa watoto waliopona malaria kali. Mara nyingine chanzo hakijulikani. Lakini povu lile haliambukizi, msimkimbie mtoto.

Milipuko midogo hutokea hata wakati mtoto hajaanguka, na huonekana vizuri zaidi akiwa ametulia au anasinzia. Ndiyo sababu analazwa. Ila kipimo huchukua muda kama nusu saa, na mlipuko unaweza kukosa kutokea ndani ya muda huo. Karibu nusu ya wenye kifafa, kipimo chao cha kwanza hutoka safi.

Hapo ndipo mimi niliwahi kukosea. Miaka yangu ya kwanza kazini, mzazi aliniletea karatasi iliyosema hakuna kasoro. Nilifurahi naye, nikasahau kuzungumza juu ya dawa. Akadhani binti amepona, akaacha vidonge vya finobabitoni ghafla. Haukupita muda mrefu, msichana akaanguka kando ya jiko, mkono ukaungua mpaka kwenye kiwiko. Kovu lile bado nalifahamu. Dawa ya kifafa haiachwi kwa sababu ya karatasi. Daktari huangalia kama mtoto amekaa bila kuanguka, mara nyingi miaka 2 au zaidi, kisha huipunguza polepole.

Na wewe unayejiandaa kwenda, mwoshe mtoto nywele kwa sabuni usiku uliotangulia na usimpake mafuta, maana nyaya hazitashika. Zilizosukwa zifumuliwe. Ale chakula, ameze dawa zake kama kawaida ila daktari akisema vingine. Ukiambiwa apunguze usingizi usiku huo, basi usimwache asinzie ndani ya matatu. Usingizi ule unatakiwa kule kwenye chumba cha kipimo.

Mama yule wa mahindi alikuwa na swali moja zaidi, na najua wako wengine wanaoliogopa: je, nyaya zile zilimpitishia mtoto stima kichwani? Hapana, mama. Zinapokea umeme wa ubongo wake mwenyewe, hazimpelekei wowote.