Mbegu Safi, Mbegu Kinzani

Wakulima wa Runzewe, na ninyi vijana mliotoka machimboni jioni hii.

Nimeombwa nizungumzie kilimo cha chupa, yaani kukuza mmea maabarani kutokana na kipande kidogo cha tishu. Mfano wangu utakuwa muhogo, maana ugali wa udaga ndio unaotulisha, shambani na machimboni. Tena kuna jambo linalochanganywa kila siku: mbegu safi, isiyo na virusi, si lazima iwe mbegu kinzani, inayohimili ugonjwa.

Mtaalamu hukata ncha ya chipukizi isiyofika milimita moja, akaipandikiza kwenye jeli yenye sukari, madini na homoni. Kwa kawaida virusi huwa havijafika pale, hasa mmea ukitunzwa kwanza kwenye joto. Mwaka 1952 Wafaransa Georges Morel na Claude Martin walipata kwa njia hiyo ua la dahlia lililo safi kutoka kwenye mmea mgonjwa. Ila kufua shati hakulizuii kuchafuka. Panda mche wa muhogo uliosafishwa hivyo jirani na shamba lenye batobato, ugonjwa wa virusi vya muhogo, na inzi weupe watauambukiza upya.

Ukinzani una asili nyingine. Wa muhogo ulitafutwa Amani, kwenye milima ya Usambara, ambako kuanzia miaka ya 1930 watafiti H. H. Storey na R. F. W. Nichols waliuchavusha muhogo kwa ndugu yake kutoka Brazili, Manihot glaziovii. Mti huo uliletwa na Wajerumani kwa ajili ya mpira. Bei ilipoporomoka mwaka 1913, biashara yake ikafa. Soko liliutupa, watafiti wakauokota. Chotara wa kwanza walihimili ugonjwa, lakini kula mizizi yao kulikuwa kama kutafuna kamba, ikabidi wachavushwe tena na tena na muhogo wa kawaida. Aina ya muhogo ya Namikonga, ya kusini mwa nchi yetu, ambayo pwani ya Kenya huitwa Kaleso, ni uzao wa Amani.

Mbegu nyingine za Amani zilipelekwa Nigeria, na damu yake ikaingia kwenye aina zilizozalishwa Ibadan. Batobato kali ilipoiteketeza mihogo ya Uganda miaka ya 1990, aina hizo ziliokoa watu. Kisha, kuanzia mwaka 2004, ugonjwa mwingine wa virusi, michirizi ya kahawia, ukazishambulia zilezile. Kuhimili batobato hakukuwa kinga ya michirizi.

Amani haikuhitaji chupa. Mbegu za chotara zilikomaa zenyewe. Kwa wakulima wa vitunguu mliouliza, huko kazi yaweza kuwa ngumu zaidi. Allium roylei, kitunguu pori cha Himalaya, huzaana na kitunguu chetu na kukipa ukinzani wa ukungu wa majani. Kwa ndugu wa mbali zaidi, kiinitete mara nyingi hufa mbegu ikiwa bado changa, hivyo hutolewa mapema kikalelewa chupani.

Turudi shambani. Michirizi husafiri mbali ndani ya pingili tunazofunga nyuma ya pikipiki, na majani ya juu yanaweza kuonekana mazima kabisa. Kabla hujakubali pingili za mtu, mwombe ang'oe mashina kadhaa, mkate mihogo yake vipande. Mkiona madoa makavu ya kahawia ndani ya nyama nyeupe, msizichukue.