Kitui Hadi Wote, Masaa Mangapi?

Mashujaa Dei imepita. Jumatatu, tarehe 20 Oktoba 2025, siku moja tu baada ya Raila Odinga kuzikwa Bondo, taifa lilikusanyika Ithookwe, mjini Kitui. Hotuba mmezisikia. Sisi tumebaki na swali letu la zamani.

Helikopta kutoka Nairobi hufika Kitui kwa nusu saa na ushei. Gari huchukua kama masaa matatu, msongamano ukikuhurumia. Nairobi hadi Kitui, hesabu hiyo kila mheshimiwa anayo kichwani. Nairobi hadi Wote, anayo pia. Kitui hadi Wote je? Kitui hadi Wote hakuna anayehesabu.

Kwa anga, Kitui mjini na Wote zimetengana kwa kilomita 60 hivi. Ndege ndogo ingezimaliza kwa robo saa. Abiria wa matatu, yeye, huzungukia Machakos, hushuka, hupanda nyingine, na akifika Wote amekata zaidi ya mara mbili ya hizo kilomita. Kaunti mbili jirani, Kitui na Makueni, lugha moja, mto mmoja katikati, na bado kutembeleana ni mpaka mpitie kwa mtu wa tatu! Wenzetu wa Machakos watusamehe, hatuna ugomvi nao.

Tutaambiwa lami ya Kibwezi hadi Kitui ipo. Ipo, na watu wa Ikutha na Mutomo wanaishukuru. Lakini Kibwezi iko kusini mbali na Wote. Mwenye maembe kule Kalamba anayetaka soko la Kitui, au mwenye ndengu wa Kitui anayetaka soko la Wote, lami hiyo itamzungusha vilevile. Njia za vumbi za kukatia Mto Athi zipo, ila mvua ikinyesha Athi ndiye hakimu. Kitui, Machakos na Makueni zina umoja wao wa kiuchumi, SEKEB. Umoja huo umeandikwa vizuri. Mto Athi haujausoma.

Na mito yetu haina mzaha. Desemba 2021, Mto Enziu ulilisomba basi la wanakwaya waliokuwa wakienda harusini Nuu. Zaidi ya watu 30 walikufa, wengine wakitazama kutoka ukingoni. Na mvua za Novemba hurudi kila mwaka.

Kwa hiyo, msikilizaji, kikao cha bajeti kikiitishwa, nenda. Wa Kitui, nenda. Wa Makueni, nenda. Usikae nyumbani ukingoja kusimuliwa. Mwakilishi wadi akianza kuwasifia helikopta zilizotua, mkatize kwa heshima. Akirudia kuwatajia Nairobi, mkatize tena. Simama, mama, simama, kijana wa boda. Muulize mbele ya watu wote: mheshimiwa, Kitui hadi Wote, masaa mangapi?