Mwambie Ulipokwama

Huenda kijana wa mtaani kwako amekutumia hadithi aliyoiandika kwa simu. Anakuuliza, "Umeionaje?" Usijibu "nzuri" kisha ukanyamaza. Mwambie ulipokwama.

Mwaka 1962, kule Makerere, Kampala, mwanafunzi mmoja wa Limuru, hapa hapa Kiambu, alimpa mwandishi Chinua Achebe muswada wake. Achebe aliusoma, akampa maoni, akaupendekeza kwa wachapishaji. Mwaka 1964 ukatoka ukiwa kitabu, Weep Not, Child. Mwanafunzi huyo ni Ngũgĩ wa Thiong'o.

Si lazima uwe Achebe. Msomaji mkweli anatosha. Soma hadi mwisho. Anza na kilichokushika, labda mhusika, labda mazungumzo. Kisha taja mahali hasa. Sema, "Hapa sikujua ni nani anayezungumza." Sema, "Hapa nilichoka, nikaruka." Usimwandikie hadithi upya, dawa ataitafuta mwenyewe. Wala usiishie kwenye makosa ya tahajia, maana hayo ndiyo mepesi kurekebisha.

Na tafadhali, kosoa kazi, usimkosoe mtu. "Huna kipaji" si maoni, ni tusi, na limewanyamazisha wengi. Kama kasoro ni nyingi, chagua mbili kubwa, umwambie faraghani.

Narudia: mwambie ulipokwama. Leo jioni, fungua ile hadithi inayokusubiri kwenye simu. Isome, kisha umjibu aliyeiandika.