MOYO ULIOZOEA TAABU NDOGO
(Mazungumzo kwa Waislamu wa Manyovu, Kigoma)



Ndugu zangu wapenzi, shukrani zote njema ni za Mwenyezi Mungu aliyetukutanisha. Nimeombwa nizungumzie afya ya moyo.

Moyo ni msuli, nao huhitaji damu yake wenyewe, inayoufikia kwa mishipa myembamba. Mshipa mmoja ukizibwa na damu iliyoganda, sehemu inayoutegemea huanza kufa. Huo ndio mshtuko wa moyo.

Mwaka 1986 wataalamu watatu wa Marekani, Murry, Jennings na Reimer, walibana mshipa wa moyo wa mbwa kwa dakika 5, wakauachia kwa dakika 5, wakarudia hivyo mara 4. Kisha wakaubana dakika 40 mfululizo. Mtu angedhani kuwa moyo uliokwisha kuteswa ungedhurika zaidi. La, haikuwa hivyo! Sehemu iliyokufa ilikuwa kiasi cha robo tu ya ile ya mbwa ambao hawakutanguliziwa taabu hiyo. Lakini mshipa ulipobanwa kwa saa 3, kinga hiyo haikuonekana. Basi taabu ndogo humpa mgonjwa muda. Haimpi salama ya daima.

Je, mtu ajifunge mkono ili aulinde moyo? Hapana. Hospitalini wataalamu wamejaribu kubana mkono kwa mkanda wa kipimo cha presha, wakiubana na kuuachia. Uchunguzi mkubwa uliotolewa mwaka 2019, wa wagonjwa zaidi ya 5,000 wa Ulaya waliopatwa na mshtuko wa moyo, haukuonyesha faida. Pia ulitangazwa mpango wa kuipima njia hiyo katika nchi za Afrika. Hiyo ni kazi ya waganga. Anayejifunga kamba nyumbani aweza kuupoteza mkono wake.

Iliyo mikononi mwetu ni mazoezi. Katika wanyama wa maabara, mazoezi ya siku chache tu yameupa moyo kinga inayofanana na ile. Tabibu William Heberden wa Uingereza, katika kitabu kilichochapwa mwaka 1802, alieleza habari za mgonjwa wa maumivu ya kifua aliyejipangia kupasua mbao kwa msumeno nusu saa kila siku, akakaribia kupona.

Wazee wetu wa Buha hawakuhitaji kuambiwa hayo. Walipanda na kushuka milima hii, jembe begani. Leo mwenye duka na mwenye ofisi huchukuliwa na pikipiki hata kwa mwendo wa dakika kumi. Ndugu zangu, tutembee! Shirika la Afya Duniani linahimiza angalau dakika 150 kwa wiki. Nusu saa kwa siku tano yatosha. Anza polepole, na mwenye maumivu ya kifua amwone daktari kwanza.

Tena, akibanwa mtu kifuani, maumivu yakaenea mkononi au tayani, akatokwa jasho la baridi, asingoje kupambazuke. Apelekwe hospitali mara moja, kwani kila dakika msuli unakufa. Mwili ni amana; tusiwaache watoto mayatima kwa uzembe tu.